Kuotea Mawindo Katika Baridi Kali: Jinsi Miguu Inavyohifadhiwa Joto

UTANGULIZI

Uwindaji una njia nyingi, na Kiswahili kimeipa kila njia jina lake. Kuna kufuata nyayo, kunyemelea, kutega na kuotea. Miongoni mwa njia hizi, kuotea ndiko kunakodai subira kuliko nyingine zote, kwa kuwa anayeotea hamwendei mnyama bali humngoja mahali anapojua kuwa atapita. Silaha yake ya kwanza ni utulivu. Akikohoa, akijikuna au akigonga mguu chini, kazi ya saa nyingi huharibika kwa nukta moja.

Katika nchi za joto, maadui wa utulivu huo ni mbu, kiu na usingizi. Katika nchi za kaskazini ya dunia adui mkuu ni baridi, na aghalabu baridi hiyo hushambulia miguu kwanza. Makala haya yanaeleza kwa nini miguu ya mtu aliyetulia hupoa kabla ya viungo vingine, kisha yanaangalia namna jamii mbili zilivyolikabili tatizo hilo. Jamii ya kwanza ni ya Wanetsilik, ambao ni Wainuiti wa Aktiki ya Kanada. Ya pili ni ya wawindaji wa kulungu katika majimbo ya kaskazini ya Marekani. Hoja inayojengwa ni moja: joto la mguu halianzii mguuni. Anayetaka miguu yenye joto hana budi kuuhifadhi mwili mzima, kuepuka jasho, na kuiachia damu njia ya kupita.

Huenda mada hii ikaonekana kuwa ya mbali kwa msomaji wa Kenya, nchi ambayo ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977. Hata hivyo, bawabu anayekesha langoni huko Limuru mwezi wa Julai anaujua uchungu wa vidole vya miguu vilivyokufa ganzi. Mwanafunzi Mkenya anayengoja basi huko Minnesota mwezi wa Januari anaujua zaidi. Kanuni zinazomhusu mwindaji zinawahusu hao pia, maadamu wote ni watu waliolazimika kutulia penye baridi.

MWILI UNAVYOGAWA JOTO

Mwili wa binadamu hujitahidi kudumisha joto la ndani la takribani nyuzi 37 za Selsiasi. Joto hilo hutokana na chakula kinachotumika mwilini, na hasa na kazi ya misuli. Mtu mzima aliyeketi kimya hutoa joto la takribani wati 100, kiasi kinachokaribiana na cha balbu moja ya zamani ya umeme. Akitembea kwa kasi, kiasi hicho huongezeka mara tatu au zaidi. Hapa ndipo mtego ulipo. Mwindaji hutembea hadi mahali pa kuotea akiwa na joto tele, kisha huketi na joto lile hupungua ghafla, ilhali baridi iliyomzunguka haipungui.

Joto la ndani linapoanza kutishiwa, mwili hufanya uamuzi ambao mwenyewe haulizwi. Mishipa midogo ya damu iliyomo mikononi na miguuni hujibana ili damu yenye joto ibaki karibu na moyo, mapafu na ubongo. Kwa maneno mengine, miguu hunyimwa ili moyo upate. Vidole vya miguu vimo hatarini zaidi kwa sababu viko mbali na moyo, vina misuli michache ya kuzalisha joto, na eneo la ngozi yake ni kubwa likilinganishwa na ujazo wake.

Mwaka 1930 daktari Mwingereza Thomas Lewis alieleza jambo la ajabu kuhusu vidole vilivyotumbukizwa katika maji ya barafu. Baada ya dakika chache za kujibana, mishipa hufunguka kwa muda, damu ya joto ikapita, kisha ikajibana tena. Hali hiyo hurudiarudia kama mlango unaofunguliwa na kufungwa, na inasadikiwa kuwa husaidia kuukinga mwili usigande. Hata hivyo, ukarimu huu hutegemea hali ya mwili mzima. Mwili wote ukipoa, mishipa hufunguka kwa nadra na kwa muda mfupi zaidi. Basi mwindaji aliyevaa mabuti mazito lakini akaacha kichwa, shingo na kifua bila kinga ya kutosha ameziba dirisha na kuacha mlango wazi. Miguu yake itapoa hata kama mabuti ni ya thamani kubwa.

Fauka ya damu kupungua, mguu hupoteza joto kwa njia nyingine tatu. Kwanza, joto hupita moja kwa moja kutoka katika unyayo hadi ardhini, kwenye barafu au kwenye chuma anachokanyaga mtu. Pili, upepo huichukua hewa ya joto iliyouzunguka mguu. Tatu, unyevu huiba joto: maji hupitisha joto takribani mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia, na yanapogeuka mvuke hubeba joto jingine tena. Ikumbukwe kwamba nyayo ni miongoni mwa sehemu za mwili zenye tezi nyingi za jasho. Kwa hivyo mguu unaweza kulowa ndani ya buti hata siku ambayo hakuna tone la mvua lililoanguka.

WANETSILIK KANDO YA TUNDU LA SILI

Wanetsilik huishi katika eneo ambalo leo ni sehemu ya Nunavut, ambako joto la mwezi wa Januari mara kwa mara huteremka chini ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Zamani, bunduki zilipokuwa bado hazijaenea, riziki ya majira ya baridi ilitegemea sili aishiye chini ya barafu ya bahari. Sili ni mnyama anayepumua hewa, kwa hivyo hukwangua matundu kadhaa katika barafu na kuyatembelea kwa zamu. Mwindaji, akisaidiwa na pua ya mbwa wake, alilitafuta tundu lililofunikwa na theluji. Kisha aliweka ndani yake kijiti chembamba au unyoya ambao ungetikisika sili anapopanda kuvuta pumzi. Baada ya hapo alingoja, pengine saa nyingi, akiwa ameinama na chusa karibu.

Hakuruhusiwa kutikisika. Theluji kavu hulia inapokanyagwa, na sili aliye chini ya barafu husikia. Aliyepiga miguu chini ili kuipasha joto alimfukuza sili, na sili akiondoka, familia ilikosa nyama na pia mafuta ya kuwashia taa iliyokuwa chanzo chao cha moto ndani ya nyumba ya theluji. Kwa watu hao, vidole vya miguu na chakula cha watoto vilikuwa jambo moja.

Suluhisho lao lilianzia kwenye ngozi ya kulungu wa Aktiki. Nywele ndefu za mnyama huyu zina vijumba vidogo vilivyojaa hewa, na hewa iliyonaswa isisogee ni kizuizi bora cha joto. Mguu ulivishwa tabaka kadhaa. Soksi ya ndani ilikuwa na manyoya yaliyoelekea kwenye ngozi ya mtu, na viatu vya nje viliongeza tabaka jingine. Pale palipokuwa na majimaji, ngozi ya sili iliyoshonwa kwa mshono usiopitisha maji ndiyo iliyopendelewa. Mwindaji hakusimama moja kwa moja juu ya theluji, bali alitandika kipande cha ngozi yenye manyoya chini ya nyayo. Ngozi hiyo ilifanya kazi mbili kwa pamoja: ilizuia baridi ya chini na kumeza sauti ya miguu.

Kazi haikuishia barafuni. Jioni, jalidi iliyoshikamana na mavazi ilipigwapigwa kwa kifaa maalumu ili itoke kabla haijayeyuka. Viatu na soksi vilianikwa juu ya taa ya mafuta ya sili, na wanawake walivikagua na kuvishona upya. Mwindaji aliyeanza siku na soksi mbichi alikuwa ameshindwa kabla ya kutoka nyumbani. Hivyo subira ya mwanamume kwenye tundu ilitegemea sindano na taa ya mwanamke.

Maarifa haya hayakubaki Aktiki pekee. Msafiri Roald Amundsen wa Norwei, aliyekaa karibu na Wanetsilik kati ya mwaka 1903 na 1905, alijifunza kwao namna ya kuvaa manyoya. Alipoongoza kundi la kwanza kufika Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba 1911, alitumia mafunzo hayo. Kutoka kaskazini ya Ulaya alichukua pia desturi ya Wasami ya kujaza viatu nyasi kavu, ambazo hunasa hewa na kunyonya jasho. Jioni nyasi hizo hutolewa na kukaushwa.

ULINGO WA MWINDAJI WA KULUNGU

Katika majimbo ya Michigan, Wisconsin na Minnesota, msimu wa kuwinda kulungu mwenye mkia mweupe kwa bunduki huangukia mwezi wa Novemba. Huko Michigan msimu huo huanza tarehe 15 Novemba kila mwaka. Wengi hawamfuati kulungu msituni, bali hupanda jukwaa dogo lililofungwa mtini, mfano wa ulingo wa mlinzi wa ndege shambani, na kuketi humo tangu kabla ya mapambazuko.

Ulingo huo una faida na hasara. Humweka mwindaji juu ya macho ya kulungu, lakini pia humweka mahali ambapo upepo humpiga kutoka kila upande. Sakafu yake mara nyingi ni ya chuma chenye matundu, na chuma hunyonya joto la unyayo upesi. Kwa hivyo wenye uzoefu hutandika kipande cha zulia au sponji nzito sakafuni na kuketi juu ya mto mnene. Mantiki yake ni ileile ya kipande cha ngozi cha Mnetsilik, ingawa vifaa vimebadilika.

Athari za baridi hapa si kukosa kitoweo tu. Vidole vilivyokufa ganzi haviihisi ngazi. Kuanguka kutoka ulingoni ni miongoni mwa ajali kuu za uwindaji wa aina hii, na mtu anayeteremka gizani huku miguu yake ikiwa kama magogo anajitafutia balaa. Ndiyo sababu hushauriwa kujifunga mshipi wa usalama tangu anapopanda hadi anapokanyaga chini. Hali kadhalika, mwindaji anayetetemeka hulenga vibaya, na mnyama aliyejeruhiwa bila kufa hupata mateso yasiyo na faida kwa yeyote.

SOKSI, VIATU NA JASHO

Kosa linalotendwa mara nyingi ni kuongeza soksi ndani ya buti lilelile. Mtu huona vidole vinapoa, akavaa jozi ya pili, kisha ya tatu, mpaka mguu unajaa kama gunia lililoshindiliwa. Matokeo huwa kinyume cha matarajio. Kinachozuia baridi hasa ni hewa iliyotulia kati ya nyuzi, wala si uzi wenyewe. Soksi zikibanwa, hewa hutoka. Aidha, buti linalobana huzuia damu ambayo tayari ilikuwa haba. Kanuni iliyo bora ni soksi moja nyembamba, nyingine nene juu yake, na buti kubwa kidogo linaloacha vidole vicheze.

Aina ya uzi nayo ina umuhimu. Pamba hunywa maji na kushikamana na ngozi, na ikilowa karibu uwezo wake wote wa kuhifadhi joto hupotea. Sufu inaweza kunyonya mvuke unaofikia takribani theluthi ya uzito wake kabla ya kuhisika kuwa imelowa, na hata ikilowa huendelea kuhifadhi joto kwa kiasi. Ndiyo maana soksi za sufu hazijapitwa na wakati.

Historia ya mabuti inathibitisha kwamba maji yana milango miwili. Mwaka 1912 Leon Leonwood Bean wa jimbo la Maine, aliyechoshwa na miguu iliyolowa wakati wa kuwinda, alianza kuuza buti lenye sehemu ya chini ya mpira na ya juu ya ngozi. Katika jozi 100 za kwanza, 90 zilirudishwa kwa sababu mpira na ngozi viliachana. Aliwarudishia wateja fedha zao na kulitengeneza upya. Buti la aina hiyo lilifunga mlango wa maji ya nje, lakini maji ya ndani, yaani jasho, yalibaki.

Udhaifu huo ulijitokeza kwa uchungu katika Vita vya Korea. Mwishoni mwa mwaka 1950, karibu na ziwa la Chosin, askari wengi wa Marekani walivaa mabuti ya mpira na ngozi. Walipopanda milima miguu yao ilitoa jasho. Waliposimama kulinda, jasho liliganda ndani ya viatu, na wengi waliumia vibaya. Baadaye jeshi hilo lilienea mabuti ambayo sufu yake ilifungiwa kati ya tabaka mbili za mpira, ili jasho lisiifikie. Hata hivyo, mvaaji alipaswa bado kubadilisha soksi, kwa sababu mguu wenyewe ulilowa humo.

Kutokana na hayo, mwindaji mwenye busara hutembea polepole anapokwenda ulingoni. Hubeba koti zito na mabuti mazito mgongoni, hutembea kwa viatu vyepesi, na hubadilisha soksi na viatu anapofika. Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka, na hapa ukosefu wa baraka hupimwa kwa matone ya jasho.

KUTULIA BILA KUFA GANZI

Kutulia si sawa na kuwa jiwe. Mwindaji anaweza kukunja na kukunjua vidole ndani ya buti, kukaza misuli ya ndama na mapaja kwa nukta kadhaa kisha kuilegeza, au kubadilisha uzito kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kuonekana wala kusikika. Kila mkazo wa misuli huzalisha joto kidogo na kusukuma damu. Haba na haba hujaza kibaba. Ukingo wa kiti usibane sehemu ya nyuma ya mapaja, kwa kuwa mbano huo huzuia damu iendayo chini.

Miguu yote, kuanzia kiunoni hadi kwenye vifundo, inahitaji kinga. Damu inayofika kwenye vidole hupitia mapajani na gotini. Ikipoa njiani itafika ikiwa haina cha kutoa. Kwa sababu hiyo, suruali ya ndani ya sufu na blanketi lililofunika magoti huwasaidia vidole ingawa haviguswi nalo. Kichwa na shingo vifunikwe vilevile.

Wapo wanaotumia vifuko vidogo vyenye unga wa chuma, chumvi na makaa. Unga huo hupata kutu kwa haraka unapokutana na hewa, na kutu hiyo hutoa joto kwa saa kadhaa. Ndani ya buti lililobana, hewa ni chache na kifuko hupoa mapema. Vifuko hivyo visigusane na ngozi tupu, kwa sababu mguu uliokufa ganzi huweza kuungua bila mwenyewe kujua.

Chakula cha kutosha kabla ya kutoka na chai ya moto katika themosi huusaidia mwili. Pombe, kinyume na imani ya wengi, hudanganya. Hufungua mishipa ya ngozi, mtu akahisi joto, kumbe joto la ndani ndilo linalotoka. Sigara nayo huibana mishipa ya vidole. Mwenye ugonjwa wa kisukari ana sababu zaidi ya kujihadhari, kwani huenda miguu yake haimpi onyo mapema.

DALILI ZA HATARI NA HUDUMA YA KWANZA

Maumivu ya vidole ni onyo. Kutoweka kwa maumivu hayo bila mguu kupata joto ni onyo kubwa zaidi. Ngozi ikiwa ngumu kama nta, na ikageuka kuwa nyeupe, ya kijivu au iliyopauka, huenda imeganda. Hapo uwindaji umekwisha. Hakuna kulungu anayelingana na kidole.

Mguu ulioganda usisuguliwe kwa mikono wala kwa theluji. Ushauri wa kusugua kwa theluji ulienezwa na Dominique-Jean Larrey, daktari wa jeshi la Napoleon, baada ya safari ya Urusi ya mwaka 1812, na ulifuatwa kwa zaidi ya karne moja kabla ya kubainika kuwa unadhuru. Usiwekwe pia karibu na moto. Njia inayopendekezwa ni kuutumbukiza katika maji ya vuguvugu, ya nyuzi 37 hadi 39, na kumwona daktari. Lakini ikiwa kuna uwezekano wa mguu kuganda tena njiani, ni heri usiyeyushwe mpaka mgonjwa afike mahali salama, kwa kuwa kuyeyuka na kuganda tena huongeza madhara. Aidha, mtu anayetetemeka sana, anayeanza kusema ovyo au kulegea, anahitaji kupashwa joto mwili wote kabla ya kushughulikiwa vidole.

HITIMISHO

Makala haya yamebainisha kwamba mguu wa anayeotea ni mpokeaji wa mwisho wa joto la mwili, na ndiyo sababu hauwezi kuokolewa kwa buti peke yake. Mnetsilik kandokando ya tundu na mwindaji wa Michigan aliye mtini wametenganishwa na mengi, lakini wote wanalazimika kutii mambo manne: kuufunika mwili mzima, kubaki mkavu, kutenga nyayo na baridi ya chini, na kutoibana damu. Bawabu wa Limuru hana ngozi ya kulungu wa Aktiki wala buti la Maine. Hata hivyo, gunia kavu au kipande cha mbao chini ya nyayo, soksi kavu mfukoni, viatu visivyobana na blanketi juu ya magoti ni vitu vilivyo karibu na uwezo wake. Anayemwajiri akimpa vitu hivyo, atakuwa amemsaidia kukesha bila kuumia. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa vidole vya miguu, tiba mara nyingine huwa kisu cha daktari.